Friji ya trela inamaliza betri kabla ya usiku wa manane

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nilinunua trela ya kambi iliyotumika. Friji yake ni ile ya njia tatu: stima, gesi na volti 12. Tulienda Magadi na watoto, tukazima gari saa moja jioni na kuiacha friji kwenye betri ya trela, ya risasi, ampea-saa 100. Saa tano usiku taa zikafifia, asubuhi nyama inanuka. Jirani anasema niongeze sola ya wati 200. Nimsikize? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Kwa friji hiyo, usimsikize. Betri nayo usiilaumu.

Friji yako haina kompresa, ile pampu ya friji za kawaida. Ndani kuna maji, amonia na haidrojeni, na kinachovizungusha ni joto: mwali wa gesi, au koili inayofanana na ya jiko la umeme. Kwenye volti 12 koili hiyo huvuta kama wati 150, yaani ampea 12 na nusu, na friji nyingi za aina hii hazipumziki hata dakika. Betri ya risasi haifai kunyonywa kupita nusu. Gawanya 50 kwa 12.5, unapata saa nne. Saa moja mpaka saa tano, sivyo?

Sasa hiyo sola. Kwa siku nzima friji inataka wati-saa 3,600. Paneli ya wati 200, jua likiwa zuri, haikupi hata 800. Ungehitaji paneli tano, na sidhani paa la trela lina nafasi hiyo.

Volti 12 iache iwe ya barabarani, injini ikinguruma. Hata hapo kagua waya kutoka kwenye gari: nimefungua trela nyingi nikakuta waya wa milimita za mraba 2.5, volti moja na zaidi inapotelea njiani na friji haipoi. Weka wa 6 au 10, na fyuzi karibu na betri.

Ukishaegesha, washa gesi. Inakula gramu 300 hivi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 wikendi hata hausikii. Ila kabla ya kuiwasha weka pimamaji ndani ya friji, maana ikiinama mzunguko unakwama. Egesha ubavu wenye matundu ya hewa kivulini. Kwa joto la Magadi hiyo si anasa. Na kabla ya kuingia petroli stesheni, mwali uwe umezimwa.

Ukipata pesa baadaye, nunua friji ya kompresa ya volti 12. Hiyo hutumia wati-saa 500 au 600 kwa siku, na hapo paneli ya jirani yako inatosha kabisa, pamoja na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa siku za mawingu ya Julai.

Safari ijayo, iwashe kwa stima nyumbani tangu jana yake, na nyama uiingize ikiwa imeshaganda.