Mkuu futa hiyo oda ya Julai, hakuna mche usiohitaji maji

Futa leo. Mleta mada umeuliza upande nini uwanjani kwako, bogenvilia au nini, mti gani wa kivuli, uzio wa miti, ukoka wa kufunika uwanja, hayo yote baadaye, mimi nimekwama pale uliposema umeshatoa advansi ya miche "isiyohitaji maji" na unaipanda Julai ukiwa likizo hapo Dodoma.

Mwarobaini, mlonge, mkomamanga, bogenvilia, kweli vinavumilia ukame, ila vikishashusha mizizi. Mche wa kwenye kiriba, kale kamfuko ka plastiki unakouzwa nako, haujashusha kitu, mizizi yake inaishia kwenye kale kaudongo ilikokulia, sasa unautoa humo unauchimbia kwenye ardhi iliyokauka tangu Mei, na ule upepo wa Agosti Septemba unaokausha mpaka kope, unyevu utatoka wapi? Mvua ya maana huko ni mwisho wa Novemba au Desemba, hesabu mwenyewe hiyo miezi.

Mimi kuna jamaa wa miche barabarani aliniambia, tena kwa kujiamini kama mhubiri, "bosi hii ya jangwani, mwagia kidogo kila jioni inatosha". Akanichagulia na miarobaini mirefu imenizidi kimo, bei mbali kabisa na ile midogo, eti hii imeshakomaa. Nikajaza uwanja. Kila jioni kakopo kamoja kamoja. Unajua kakopo kanafanya nini? Kanalowesha udongo wa juu kina cha vidole viwili tu, mizizi inabaki hukohuko juu kuvizia maji, jua la kesho yake linaichoma. Majani yakaanza kupukutika, nampigia jamaa anasema ongeza maji, nikaongeza, bomba letu ni la mgao kwa hiyo nikaanza kuita boza lijaze simtanki, yaani nanunua maji ya kunywesha mti wa jangwani wakuu, mke wangu akawa ananiuliza kama nimeanza kufuga kambare.

Miarobaini ikafa tu. Nilipoing'oa nikakuta mizizi imejizungusha mduara, ilivyokuwa kwenye kiriba ndivyo ilivyo, imekaa humo mpaka ikasahau kwenda chini. Kumbe kile kimo nilicholipia ndicho kilichoiua, majani kibao juu yanadai maji na mizizi kiduchu chini. Shubiri (aloe vera) na waridi la jangwani nilizopanda humohumo nazo zikaoza kwa yale maji ya kila siku, kwa hiyo uwanja mmoja nimeua kwa kiu na kwa mafuriko, nadhani nastahili cheti. Jamaa simu hapokei mpaka leo.

Sheria ni moja mkuu: panda ardhi ikishalowa mvua, sio kabla. Kama likizo inakuwasha basi Julai chimba mashimo, changanya samadi iliyoiva, uache. Mvua zikipiga mara kadhaa, chimbua upime, ukikuta unyevu umeshuka mpaka kina cha goti ndio unapanda. Chukua mche mdogo, chana kiriba chote usikizike nacho, mizizi iliyojizungusha ikate bila huruma. Zungushia kikingo cha udongo maji yatuame, tandaza nyasi kavu ila zisiguse shina maana mchwa wa huko hawana dini. Mvua zikikata Aprili, kile kiangazi cha kwanza LAZIMA umwagilie, hapo ndipo watu wanadanganywa, lakini unamwaga ndoo nzima taratibu, izame, halafu unauacha wiki nzima ndio unarudia. Shubiri na waridi la jangwani usizifanyie hivyo, hizo udongo ukauke kabisa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili unapunguza, mwarobaini utaanza kujitafutia wenyewe huko chini.

Huyo uliyempa advansi mwambie akae na hela mpaka mvua zianze, na akubadilishie akupe midogo. Akileta zile za "bosi hii haina shida ya maji" muulize mbona yeye kitalu chake kiko kando ya mtaro na anamwagilia asubuhi na jioni.