Jibu: Namba za vurugu zinatoa kelele, wimbo unatoka wapi?

Mwenzetu ameuliza: ameandika programu inayozalisha namba kwa mlinganyo wa kaosi (vurugu zinazofuata kanuni lakini hazitabiriki), kila namba akaigeuza noti, na kinachotoka kwenye spika ni paka anayekimbia juu ya kinanda. Amekosea wapi?

Hesabu hujakosea, ndugu. Hata mimi hapa Jinja nilikwama hapohapo miezi kadhaa, mpaka mke wangu akawa akiniona nawasha kompyuta anafunga mlango.

Nadhani unatumia ule mlinganyo ambao mwanasayansi Robert May aliupa umaarufu mwaka 1976: chukua namba kati ya 0 na 1, izidishe kwa (1 − namba hiyo), zidisha tena kwa r, yaani namba unayoichagua mwenyewe, kisha jibu ulirudishe mwanzo. Kwa r ya 3.9, ukianza na 0.4 unapata 0.936, halafu 0.234, 0.698, 0.822. Gawa nafasi ya 0 hadi 1 vyumba vitano, kila chumba noti yake: 5, 2, 4, 5. Namba ikipanda sana, inayofuata lazima iporomoke. Ni kuruka tu, sikio halina pa kushika.

Sasa shusha r hadi 3.828. Namba zitazunguka karibu na 0.16, 0.51 na 0.96, yaani noti 1, 3, 5, 1, 3, 5. Ukishaanza kuzoea, zinachomoka, zinatangatanga, kisha zinarudi kwenye 1, 3, 5 kama mtu aliyekumbuka njia ya nyumbani. Weka 3.83 uone: zikishanasa humo hazitoki tena, utasinzia. Tofauti ni 0.002 tu! Hapo ndipo niliposikia kitu cha kuitwa wimbo kwa mara ya kwanza.

Wanafizikia Richard Voss na John Clarke walilipima jambo hili mwaka 1975. Walikuta mabadiliko ya sauti katika muziki yako katikati: si bahati nasibu tupu, wala si mwendo wa kujikokota hatua kwa hatua. Huna kompyuta? Chukua dadu tatu za ludo. Ya kwanza irushe kwa kila noti, ya pili kila baada ya noti mbili, ya tatu kila baada ya nne. Jumlisha zote tatu, hiyo ndiyo noti yako. Ile dadu ya tatu ndiyo kumbukumbu ya wimbo.

Lakini kilichonifungua macho ni amadinda, marimba ya Buganda. Vibao 12 vimelazwa juu ya vigogo vya migomba, wapigaji wawili wameketi wakitazamana. Wa kwanza huitwa omunazi, wa pili omwawuzi; pigo la omwawuzi linaingia katikati ya mapigo ya omunazi, na wewe unayesikiliza unasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Wa tatu, omukoonezi, anazivua noti mbili za chini kabisa kutoka kwenye mchanganyiko huo na kuzirudia kwenye vibao viwili vya mwisho, oktavu mbili juu, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi. (Wazee wa Buganda msinirushie mawe, nimefupisha.)

Basi nikafanya hivi: omunazi nikampa namba za 3.828, omwawuzi nikampa noti 12 zisizobadilika, zinajirudia tu, na omukoonezi nikaiachia programu imtafutie. Noti za kinanda niliachana nazo. Mizani ya amadinda ni noti tano zilizoachana karibu sawasawa, kwa hiyo zidisha kila mara kwa 1.1487: hezi 200, 230, 264, 303, 348, na ya 400 ni oktavu. Siku hiyo mlango haukufungwa.

Ukitaka vurugu za asili badala ya mlinganyo, tumia bomba linalovuja. Mwanafizikia Robert Shaw alilichunguza na kuchapisha mwaka 1984. Mimi niliweka ndoo ya bati chini ya bomba la uani na simu pembeni, nikachukua muda kati ya tone na tone kuwa mdundo. Ukilegeza kidogo, matone yanakwenda sawasawa: to, to, to. Ukizidisha, yanaanza kuja mawili mawili, toto, toto. Ukizidisha tena hayatabiriki. Nilipata usiku mmoja tu wa kurekodi. Kesho yake nilipotoka na ndoo yangu, mwenye nyumba alikuwa ameshaleta fundi.