Umeokoka na Yesu, au umemtoroka?

Msomaji wa Kondele, Kisumu, anauliza: "Vijana wa kanisa letu tunachapisha fulana za kesha. Wengi wanataka ziandikwe 'Nimeokoka na Yesu'. Mzee mmoja anapinga, eti 'nimeokoka' ni majivuno, ni kama mtu amejiokoa mwenyewe. Anataka 'nimeokolewa'. Nani yuko sahihi?"

Hoja ya mzee haina miguu, ila msimpuuze, maana bila kujua amewaepusha na aibu.

Okoa huzaa okolewa na okoka. Okolewa ina mtendaji nyuma yake, hata asipotajwa. Okoka hutaja tu lililompata mtu; anayesema kikombe kimevunjika hajasema kimejivunja. Wa kujisifu angesema "nimejiokoa", na hilo sijalisikia hata kwenye mikutano ya injili ya Nakuru, ambako nimesikia mengi. Askari wa gereza kule Filipi aliuliza afanye nini "nipate kuokoka", Paulo na Sila wakamjibu "utaokoka", na Paulo ndiye aliyewaandikia Waefeso kwamba "mmeokolewa kwa neema". Neno mlokole nalo, tulilolipata kwa Waganda pamoja na uamsho wa miaka ya 1930, halikuwahi kumaanisha mtu aliyejiokoa. Mzee atulie.

Kinachonichemsha ni hiyo "na Yesu". Naiona nyuma ya matatu, naiona kwenye mabango, naisikia kwenye ushuhuda kila Jumapili, na hakuna anayeshtuka. Okoka haipokei mtendaji, ndugu zangu. Ukiipachika "na", msikilizaji ana njia mbili tu za kukuelewa, zote mbovu.

Ya kwanza: pamoja. Lori likikatika breki pale Salgaa, tukaambiwa "dereva aliokoka na utingo wake", tunaelewa kwamba wote wawili walitoka wazima. Utingo hakumwokoa mtu. Alikuwa anaomba Mungu kama mwenzake. Kwa hiyo aliyeokoka na Yesu alikuwa ndani ya lori lile lile na Yesu, wakaponea chupuchupu wote wawili. Hapo Mwokozi naye anahitaji mwokozi.

Ya pili ni mbaya zaidi: kuepuka. Tunasema "aliokoka na kifo", "aliokoka na njaa". Kinachofuata "na" ndicho kilichotaka kukumaliza. Isomeni tena fulana yenu kwa sikio hilo: Yesu alikuwa anawafukuza, mkawahi kuruka ua. Na mnataka kuivaa kesha nzima!

Mjuzi ataniletea Warumi 5:9, "tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye". Karibu. Huko "na" inataja hatari, na Mwokozi kapewa "kwa". Nakiri kwamba leo ukiusoma mstari huo haraka kanisani, kuna atakayedhani ghadhabu ndiyo inayookoa, kwa kuwa masikio yetu yamezoea kwamba baada ya okolewa, "na" hutaja mtendaji. Lakini walau hapo muktadha unasaidia. Fulana haina muktadha. Ina mgongo wa mtu tu.

Mstari huo huo una "kuhesabiwa haki", na wapo wanaoielewa kama haki zile tunazodai kortini. Sivyo. Ni uadilifu mtu anaoandikiwa ingawa hakuuchuma, kama Ibrahimu alivyoamini, Mungu "akamhesabia jambo hili kuwa haki". Hiyo nitairudia siku nyingine, nikiwa nimetulia.

Basi andikeni "Nimeokolewa na Yesu", au "Nimeokoka" peke yake, mwachie nafasi anayetaka kuuliza nani kawaokoa. "Yesu ameniokoa" ingekuwa bora kuliko zote, lakini najua kamati haitakubali neno ambalo halikupendekezwa na mwanakamati. Na kama fundi ameshachapa, sitawaambia mzitupe, najua bei ya fulana. Zivaeni. Juu yake vaeni sweta.