Waliingia kwa kura
Ndugu, umeuliza kikundi cha siasa kali kinawezaje kuliteka kanisa kubwa lenye mapokeo ya karne nyingi. Tazama Ujerumani 1933. Wale waliojiita Wakristo wa Kijerumani, wafuasi wa Hitler ndani ya kanisa la Kiprotestanti, hawakuanzisha dhehebu lao. Waligombea viti vya mabaraza ya kanisa Julai mwaka huo. Siku moja kabla ya kura, Hitler mwenyewe akawapigia debe redioni, wakazoa kama theluthi mbili. Septemba sinodi (baraza kuu la kanisa) ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote Ujerumani, ikapitisha kanuni ya kuwaondoa wachungaji wenye asili ya Kiyahudi, na Ludwig Müller, mtu wao, akachaguliwa askofu wa taifa zima. Miezi miwili tu! Na kura zile zilipigwa na waumini wa kawaida kabisa, si wahuni wa mitaani.

Novemba wakazidisha chumvi: kwenye mkutano wa hadhara Berlin, Reinhold Krause, kiongozi wao wa Berlin, alidai Agano la Kale liondolewe. Hapo ndipo wengi waliposhtuka na kuanza kujitoa katika kikundi hicho. Azimio la Barmen, tamko la Waprotestanti waliowapinga, likaja Mei 1934, viti vimeshakaliwa.