Mkanda wa injini ukilia, usianze kwa kununua mkanda

Ukisema gari lako linalia mbele, upande wa mikanda, utaambiwa ubadilishe mkanda. Ukigoma, utaambiwa upake sabuni au upulizie dawa ya kopo. Mimi nimehangaika na kelele hizi kwenye magari yangu na ya jamaa zangu kiasi kwamba siku hizi mkanda ndio naukagua mwisho. Unaolia ni mkanda, ni kweli, ila mara nyingi mwenye kosa ni puli (gurudumu linalopitiwa na mkanda) iliyokaa upande, tenshena (kifaa kinachokaza mkanda) iliyochoka au oili inayoudondokea kimyakimya.

Nazungumzia ule mkanda mmoja mrefu wenye matuta, unaozungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi, pampu ya pawa steringi na, kwa injini nyingi, pampu ya maji. Mpya wa bei mbaya ukiufunga kwenye puli iliyopinda utanyamaza kwa muda, kisha utarudi kulia vilevile.

Kazi ya kwanza ni kusikiliza. Kuna mlio mfupi mfupi wa kifaranga, twi, twi, twi, unaosikika injini ikiunguruma polepole na kwenda mbio kadiri unavyokanyaga mafuta, mpaka umezwe na ngurumo ya injini. Huo mara nyingi ni wa puli zisizo kwenye mstari. Halafu kuna yowe refu: ukiwasha gari asubuhi, ukikata usukani hadi mwisho, ukiwasha kiyoyozi. Hilo ni la mkanda unaoteleza kwa sababu haukukazwa vya kutosha au kuna mzigo mzito mahali fulani.

Masikio yakishindwa kuamua, tumia maji. Chukua chupa ya kupulizia, injini ikiwa inaunguruma, pulizia kidogo upande wa matuta. Mlio ukikatika kisha ukarudi baada ya muda mfupi, shuku mpangilio wa puli. Ukizidi, shuku ukazaji. Usipobadilika hata kidogo, inawezekana si mkanda kabisa, ni beringi. Simama pembeni, funga nywele, vua tai na chochote kinachoning'inia. Feni na mkanda havimsubiri mtu. Na tafadhali yawe maji matupu. Ile dawa ya kopo hunata na kukusanya vumbi, na tena inakufichia ushahidi uliokuwa unautafuta.

Sasa zima gari, acha injini ipoe, washa tochi. Angalia ukingo wa mkanda: upande mmoja uking'aa au ukatoa nyuzi ilhali mwingine ni mzima, kuna puli inayousugua. Angalia pia puli laini, zile zinazopitiwa na mgongo wa mkanda. Mkanda huziachia alama ya kung'aa, na alama hiyo inatakiwa iwe katikati. Ikiwa imesogea ukingoni, umeshapata pa kuanzia. Hesabu na matuta: yote yameingia kwenye mifereji? Nimekuta mkanda wa matuta 6 umefungwa ukiwa umeruka mfereji mmoja, tuta moja linaelea nje. Kutoka tuta hadi tuta ni milimita 3.56 tu, lakini kwa mkanda huo ni upotofu mkubwa.

Hapa ndipo watu huona natia chumvi, kwa hiyo nitoe hesabu. Mimi sikubali mkanda uingie kwenye puli ukiwa umepinda zaidi ya nusu digrii. Kwa puli zilizoachana sentimita 15, nusu digrii ni kama milimita 1.3. Jicho halitakuonyesha hilo. Tafuta rula ya chuma iliyonyooka, ilaze kwenye uso wa puli moja ifike hadi nyingine, utafute mwanya. Kabla ya kuhukumu, hakikisha kingo za puli hizo zina unene sawa, la sivyo rula itakudanganya. Pima kutoka kwenye mfereji wa kwanza ukiweza. Anza na puli mbili zilizo karibu zaidi, kwa sababu kosa lilelile la milimita 2 hupinda mkanda zaidi pale pafupi kuliko pale parefu.

Gari moja la jamaa yangu lilikuwa limebadilishiwa mkanda zaidi ya mara moja na bado lilikuwa linalia. Nilipouliza ni nini kingine kilichoguswa, nikaambiwa pampu ya pawa steringi ilikuwa mpya. Puli ya pampu ile huingizwa kwenye shafti kwa kusukumwa na kifaa maalumu, na aliyeifunga hakuifikisha mwisho. Rula ilikaa vizuri kwenye puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini unaouzungusha mkanda), kwenye pampu ikagota ukingo uliojitokeza karibu milimita 3. Puli ilipoingizwa mpaka shafti ikawa sawa na uso wa kitovu chake, kelele zikaisha. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni lini kelele zilianza na fundi aligusa nini kabla ya hapo. Alteneta isiyo ya injini ile, washa (kile kipete bapa cha bolti) iliyosahaulika nyuma ya braketi, bolti iliyolegea: vyote huleta mlio uleule.

Tenshena nayo isikuponyoke. Injini ikiunguruma, tazama mkono wake. Kutikisika kidogo ni kawaida, kucheza ngoma si kawaida. Bushi yake, yaani kipete ambacho mkono huo unazungukia, ikilika, puli hulala upande mkanda unapovuta, na ukizima gari inaweza kuonekana imenyooka kabisa. Puli ya krenki pia hudanganya, kwani nyingi zina pete ya nje iliyoshikanishwa na kitovu kwa mpira. Chora mstari wa chaki kutoka kitovuni hadi kwenye pete, endesha kidogo, kisha uangalie. Mstari ukiachana, mpira umeachia na puli ni ya kubadilisha.

Kukiwa bado na shaka, piga picha jinsi mkanda ulivyopita, kisha uutoe. Zungusha kila puli kwa mkono. Beringi nzuri huzunguka kimya. Mbovu utaisikia inakwaruza, au puli itayumba ukiitikisa. Unaweza kuwasha injini bila mkanda kwa sekunde chache tu usikie kama kelele imeondoka, lakini usizidishe, maana pampu ya maji huenda imesimama. Taa ya betri itawaka, usiihofu.

Mkanda wenyewe je? Ya siku hizi mingi ni ya EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, ambayo haipasuki ovyo kama ya zamani, hivyo kukosa nyufa si cheti cha uzima. Hulika matuta polepole mpaka matuta ya puli yanagusa chini ya mifereji ya mkanda. Ukilowa oili au maji ya rejeta, ziba kwanza uvujaji, safisha puli, ndipo ufunge mpya. Na soma namba: 6PK1870 ni matuta 6 na urefu wa milimita 1,870. Ukinunua mrefu zaidi ya unaotakiwa, tenshena itafika mwisho wake na mkanda utateleza.

Mlio peke yake unakupa muda wa kutafuta. Ukiona nyuzi zinaning'inia au tuta limechanika, usiendeshe hadi wikendi: mkanda ukikatika njiani usukani unakuwa mzito, betri haichajiwi, na kama pampu ya maji iko kwenye mkanda huohuo, simamisha gari na uzime injini papo hapo.