Anzieni kisimani
Umeuliza hoteli yenu ya Paje, Zanzibar, ianzie wapi kabla ya kujitangaza kuwa inajali mazingira. Anzieni kisimani, ndugu yangu. Kupanda miti kutafuata.

Ardhi ile ni mawe ya matumbawe, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni, maji baridi yakishuka sentimita 1, chumvi hupanda kama sentimita 40 kutoka chini. Ndiyo maana pampu kubwa inayojaza tangi kwa saa 2 huharibu kisima. Fungeni ndogo, ivute taratibu kwa muda wa saa 10.

Mita ziwe nne: kisimani, jikoni, kwenye kufulia, bustanini. Zisomwe kila alfajiri, pamoja na chumvi kwa kipimo cha mkononi. Mita ikizunguka usiku wageni wamelala, tazameni matangi ya vyoo.

Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta. Msiyamwage shimoni hivi hivi: mawe yale yana nyufa, uchafu utafika visima vya jirani na kwenye mwani wa kina mama.

Na daftari la mita mpelekeeni sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, kila mwezi. Kijiji kinachota maji hayo hayo ya chini ya ardhi.