Droni si bodaboda: majibu kwa wanaotaka kupeleka mizigo angani

Barua za safari hii zimejaa droni, na nusu yake zinaanza kwa neno moja: "Nimeshanunua." Nimechagua chache. Wengine mtajikuta humo humo.

Nimeagiza droni ya kubeba kilo 3 kutoka Dubai, iko njiani. Nataka kuwapelekea wateja chakula Mpendae na Kiembesamaki kwa malipo. Kibali nakipataje? (Mwanakwerekwe)

Umeanza mwisho. Ruhusa kwanza, chombo baadaye. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Droni ikifika forodha huna ruhusa ya Wizara ya Ulinzi wala ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), itabaki huko huko, na wewe utakuwa mtu wa kwenda na kurudi na risiti mkononi. Redio iliyomo ndani yake nayo ina mwenyewe, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Tuseme umeipata. Bado hujaruhusiwa kubeba mzigo wa mtu kwa pesa, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Siku unayopokea shilingi ya mteja ili mzigo wake upite angani, umeshakuwa shirika la ndege. Dogo, lakini shirika. Utaulizwa rubani ni nani na kasomea wapi, chombo kimesajiliwa kwa jina la nani, nani anakikagua kabla hakijaruka, mwongozo wa kazi uko wapi, mawasiliano yakikatika kinafanya nini, na kikimwangukia mtu bima gani italipa. Mpaka wa kawaida wa kuruka ni futi 400, kama mita 120, tena rubani akikiona chombo kwa macho yake. Sasa wewe ukiwa Mwanakwerekwe utaionaje droni iliyo Kiembesamaki? Kukiacha chombo kiende kusikoonekana ni ruhusa ya peke yake, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Halafu katika mitaa yote umechagua Kiembesamaki, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume! Chapati na supu zipelekwe kwa bodaboda.

Na hukuuliza, lakini nakwambia: yule kijana anayekuahidi "kibali cha wiki moja" kwa pesa taslimu ni kishoka. Karatasi atakayokupa haitakusaidia siku ukisimamishwa.

Zanzibar tuna serikali yetu. Kwa nini nihangaike na TCAA? (Nungwi)

Kwa sababu usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Limo katika orodha ya Katiba, pamoja na ulinzi, posta na simu. Kama hulipendi, kamwambie mbunge wako. Kampuni yako lakini utaisajili hapa hapa kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, si BRELA ya Bara, na kodi utakutana na ZRA na TRA wote wawili. Ndiyo, ni ofisi nyingi. Ila msiniambie haiwezekani. Mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walirusha droni kuchora ramani ya Unguja na Pemba chini ya mradi wa Kamisheni ya Ardhi, na mwaka 2019 droni zilinyunyizia dawa ya viluwiluwi vya mbu katika mabonde ya mpunga ya Cheju. Waliotaka walifuata mlango.

Yangu ina gramu 249. Haihitaji usajili, sivyo? (Jambiani)

Hiyo ni kanuni ya Marekani uliyoiona mtandaoni, na hata huko msamaha ni wa wanaorusha kwa kujifurahisha. Ukifanya biashara unasajili. Isitoshe, gramu 249 itabeba nini? Kitumbua?

Mimi ni muuguzi Pemba. Sampuli za wagonjwa kutoka visiwa kama Kojani hungoja chombo na maji. Je, droni zinaweza kutusaidia, na masharti yake ni yapi? (Wete)

Swali lako, dada yangu, ndilo lililonifanya niandike safu hii. Inawezekana. Mwaka 2018 kampuni ya vifurushi ya DHL, watengeneza droni wa Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani la GIZ walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, mzigo hadi kilo 4, mahali ambapo safari ya gari ni saa sita. Hata hivyo majaribio ni kitu kimoja na huduma ya kila siku ni kingine. Zipline, kampuni inayopeleka damu na dawa kwa droni, ilianza Rwanda mwaka 2016 na Ghana 2019. Hapo katikati, 2017, ilitangazwa kwamba na Tanzania ingeanza mwaka unaofuata, kwa kuanzia Dodoma. Sisi tukabaki na tangazo.

Masharti kwenu ni mawili kwa mpigo, ya anga na ya mzigo. Sampuli ya mgonjwa haitiwi mfukoni na kufungwa kamba. Kimataifa nyingi huwekwa kundi la UN 3373, lenye tabaka tatu: chupa isiyovuja, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya majimaji, na kasha gumu la nje. Dawa nazo ni za Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, maana afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo Wizara ya Afya ndiyo iombe, si kituo chako wala mfadhili aliyekuja na droni kwenye begi. Mkiombwa ushauri, ulizeni mambo matatu: kusi likivuma chombo kinarudi au kinazama, nani atakitengeneza baada ya chumvi ya bahari kukila, na mfadhili akiondoka nani analipa betri. Kama hayana jibu, nunueni boti ya fiba yenye mashine nzuri.

Binamu yangu yuko Texas, ana cheti cha Part 107, cha marubani wa droni Marekani. Akija anaweza kutufungulia huduma? (Chake Chake)

Hata Texas hawezi kwa cheti hicho peke yake. Part 107 humruhusu kurusha chombo kisichofika kilo 25, pamoja na mzigo wake, kwa kukiona. Kubeba mali ya watu kwa malipo mbali na macho kulihitaji cheti cha shirika la ndege, Part 135. Wing, ndugu yake Google, walikipata Aprili 2019, na Amazon, pamoja na pesa zao zote, Agosti 2020. Aje kusalimia.

Je, droni inaweza kubeba karafuu hadi ng'ambo? (jina na kijiji vimefichwa, na ninaelewa kwa nini)

Karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali. Unalouliza linaitwa magendo.

Betri za droni nazisafirishaje kwa ndege ya abiria? (Fuoni)

Kwenye begi la mkononi, ncha zimezibwa. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: isiyozidi 100 hupita, 100 hadi 160 unaomba ruhusa ya shirika na za akiba hazizidi mbili, juu ya 160 hupandi nayo. Betri ya volti 22.2 na ampea-saa 16 ni kama 355, hiyo inakwenda kama mzigo wa hatari na karatasi zake. Usiifiche kwenye begi la chini.